Mwizi Aliyechukua Kopo la Mchele

Alhamisi, saa mbili na robo asubuhi, Okezie fundi viatu alisimama mbele ya stoo iliyo nyuma ya karakana ya Ikedi, akashika kichwa kwa mikono miwili, akapiga ukelele mmoja tu: "Mtambo!"

Hakuna aliyeuliza mtambo gani. Mtaa wetu wa mafundi hapa Aba ulikuwa na mtambo mmoja wa kujivunia. Kufuli lilikuwa chini, limekatwa, mlango uko wazi, na meza ya ndani ilikuwa tupu kabisa.

Da Mgbafor alifika saa mbili na nusu, kandambili miguuni, daftari kwapani. Enzi za kanda, filamu zetu zilipokuwa zikigombaniwa sokoni kama akara za moto, zile bajia za kunde, yeye alikuwa mtunza mwendelezo. Kazi yake ilikuwa kukumbuka. Mwigizaji akiinua glasi kwa mkono wa kushoto leo, kesho akarudia kwa wa kulia, Da Mgbafor alisimamisha kazi ya watu thelathini mpaka glasi irudi mkono wa kushoto. Wengi walimnung'unikia, ila sijasikia aliyewahi kumshinda kwa ubishi. Sasa ana miaka sitini na mitatu na bado yuko vilevile.

"Asiguse mtu kitu," alisema, akaanza kuandika.

Vilivyotoweka: kamera. Lenzi. Mtambo wenyewe wa kubebea begani, wenye vishikio viwili na shokapu mbili ndogo za pikipiki. Kitambaa cha kufunikia. Kifuniko cha lenzi, kilichokuwa kikining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango.

"Na kopo la mchele," akaongeza.

"Mchele?" aliuliza Sajini wa kituo cha karibu, aliyefika saa tatu kasoro akiwa bado anatafuna.

"Mchele mkavu. Msimu wa mvua lenzi inalala karibu na mchele, isiote kuvu."

"Basi mwizi alikuwa na njaa," alisema Sajini. Watu wakacheka. Da Mgbafor hakucheka.

Sajini aliokota kufuli. Chuma kilikuwa na rangi ya bluu palipokatwa, kimeungua. Hiyo ilikuwa kazi ya grenda, na mtoto yeyote wa mtaa huu anaijua. Kwenye bati la mlango palikuwa na michubuko mitatu mipya, mmoja juu ya kufuli, miwili pembeni.

"Grenda ya nani ile pale?"

"Yangu," alisema Ikedi fundi wa kuchomelea, kofia imeshuka hadi masikioni. "Inakaa hapo siku zote, waya umechomekwa. Mtu yeyote anaifikia."

"Stoo ni yako, grenda ni yako. Saa kumi jioni nakuja kukuchukua, isipokuwa mtambo umeonekana." Akaondoka na kufuli mfukoni.

Ikedi aliketi juu ya rundo la nondo. Okezie hakumtazama. Hilo ndilo lililotuuma sisi tuliowajua, maana wanne hawa walikuwa wamekula sahani moja tangu ujana: Ikedi, Okezie, Da Mgbafor, na Uzodinma mpiga kamera. Enzi zile Uzodinma alikuwa anabeba kamera kubwa ya kanda begani, anashuka nayo mtaroni, anapanda nayo ngazi, na picha haitikisiki. Kila asubuhi, kabla ya kazi, aliinua uso akautaja mwanga. "Leo mwanga wa maziwa." "Leo wa majivu, turudini nyumbani." Jua la saa kumi na moja jioni aliliita mwanga wa mawese, na akiliona alikimbia mbio huku anapiga kelele kama mtu aliyeibiwa kuku. Jamani, siku zile zilikuwa tamu.

Kisha kanda zikafa na kila mtu akarudi kwenye kazi ya mikono. Hadi miaka mitano iliyopita, Da Mgbafor alipokuja na hadithi aliyoiandika mwenyewe na kusema, "Filamu moja zaidi, kabla hatujazikwa." Wakaanzisha mchezo wa fedha, upatu wa kupokea kwa zamu. Kila anayefikiwa na zamu, badala ya kuzitia mfukoni, ananunua kipande cha mtambo. Zamu ya Da Mgbafor ilinunua kamera kutoka Lagos. Ya Okezie ilikuwa ya paa la nyumba. Ikanunua betri na vipaza sauti, na paa linavuja hadi leo. Ya Ikedi ilikuwa ya jenereta. Ikanunua vyuma, akavikata na kuviunganisha mwenyewe. Okezie akashona pedi ya bega kwa ngozi, akiipima kwenye bega la Uzodinma kama anayemshonea bwana harusi suti. Zamu ya mwisho, ya Uzodinma, ilinunua lenzi. Kazi ilikuwa ianze Jumamosi hiyo. Mtambo usipoonekana, hakuna filamu. Na kwa umri wao, hakungekuwa na mchezo mwingine wa miaka mitano.

"Kila mmoja wetu ana ufunguo," Okezie alimwambia Da Mgbafor. "Wa ndani angekata kufuli kwa nini? Ni mtu wa nje."

"Mtu wa nje hajui mchele ni wa nini," alijibu. "Grenda inataka umeme. Umeme ulikuwepo saa ngapi?"

Hapo hata mimi nilijua jibu. Umeme ulikatika Jumanne jioni. Ukarudi Alhamisi hiyo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtaa mzima ukapiga ule ukelele wetu wa shangwe, kila mashine ikawaka kwa pamoja. Saa moja kasoro dakika kumi ukaondoka tena. Dakika ishirini. Katika kelele zile, grenda moja zaidi nani angeisikia?

"Ikedi, dakika hizo ishirini ulikuwa wapi?"

Ikedi akakohoa. "Kwa kinyozi."

"Saa kumi na mbili na nusu?"

"Da, usinifanye niseme mbele za watu."

"Sema, au Sajini atakusemea."

Ikedi akavua kofia. Kichwa kilikuwa kipara king'aavu. "Jumanne umeme ulikatika nikiwa nimenyolewa nusu. Upande mmoja kipara, upande mwingine kichaka. Siku nzima ya jana nimetembea hivyo chini ya kofia. Umeme uliporudi nikatoka mbio na kaptula ya kulalia."

Kinyozi alithibitisha, huku akijishika mbavu. Da Mgbafor peke yake hakucheka.

"Kuna aliyekuona hivyo jana?"

"Dede Uzo tu, kaka yetu. Tulikuwa stoo tunasawazisha mtambo, joto kali, nikavua kofia saa nzima. Hakuniambia neno. Nilimshukuru moyoni, mtu mwenye adabu."

"Uzodinma? Adabu?" alisema Da Mgbafor, akaandika.

Saa tano alikwenda kwa Okezie. Majirani walikuwa wamemwona saa moja kasoro robo akisukuma toroli lenye gunia kubwa. Tena mwezi uliopita, mvua ilipomlowesha kitandani, alisema hadharani mtambo uuzwe.

"Mwaga," alisema Da Mgbafor.

"Da! Mimi? Baada ya miaka yote hii?"

"Mwaga, Okezie. Nikikosea nitakuomba radhi."

Zilimwagika soli za viatu, jozi zaidi ya mia, za oda ya shule. Okezie aliinama, akaanza kuziokota.

"Nilisema tuuze kwa sababu nilikuwa nimelowa," alisema. "Mtu akilowa husema mengi."

"Niwie radhi, ndugu yangu." Akapiga magoti na miaka yake sitini na mitatu, akamsaidia kuzirudisha moja moja.

Saa saba alifika kwa Uzodinma. Alikuwa barazani, mikono juu ya magoti, ameelekeza uso getini. Da Mgbafor alikatiza ua mzima bila Uzodinma kutikisika.

"Uzo, habari za mchana."

"Aa, Mgbafor! Karibu, karibu. Umeonekana?"

"Bado. Umeme uliporudi ulikuwa unafanya nini?"

"Kupiga shati pasi. Kila mtu alikuwa anapiga pasi."

"Sajini anamchukua Ikedi saa kumi."

Uzodinma aliruka kitini. "Ikedi? Kwa lipi? Ikedi hawezi kuiba hata msumari!"

"Anasema alikuwa kwa kinyozi."

"Kinyozi wa nini tena? Jana nimekaa naye saa nzima, nywele zake zote anazo, kama kichaka. Mwambie atafute uongo mwingine, huo utamfunga!"

Kalamu ya Da Mgbafor ilisimama. Alilifunga daftari, akaaga. Haya aliniambia mwenyewe baadaye.

Saa tisa na nusu alirudi na Ikedi na Okezie. Waliketi barazani wote wanne, kama zamani wakisubiri mvua ipite.

"Nitasema mara moja tu," alianza. "Mwizi alichukua mchele, kwa hiyo anaipenda ile lenzi. Akachukua kifuniko gizani nyuma ya mlango, kwa hiyo anajua msumari ulipo. Alikata kufuli ili tusiwaze wenye funguo. Lakini kabla ya kulipata alikata bati mara tatu. Ikedi hata amelewa hakosei kufuli mara tatu. Aliyekata alikuwa haoni."

Akamgeukia mpiga kamera.

"Uzo. Jana Ikedi alikuwa amenyolewa nusu kichwa. Saa nzima mbele yako. Wewe, uliyemtania mke wa kaka yangu hadi akabadilisha kanisa! Kama ungeona kichwa kile, tungekisikia hadi Krismasi."

Ikedi aligeuka polepole. "Dede Uzo?"

Uzodinma alijaribu kucheka. Aliinuka, akapapasa ukuta kwa vidole hadi chumbani, akarudi na mtambo mikononi, umefunikwa vizuri kwa kitambaa chake, na kopo la mchele juu.

"Umefanya nini!" Okezie alifoka. "Wamkamate Ikedi kwa ajili yako?"

"Ningesema kabla ya saa kumi. Naapa ningesema." Aliketi. "Ni presha ya macho. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto naona kama kupitia bomba, tena lenye moshi. Daktari aliniambia Desemba: nikifanyiwa upasuaji haraka, uoni uliobaki utabaki."

"Desemba," alisema Da Mgbafor. "Desemba ilikuwa zamu yako."

"Ndiyo."

"Ukanunua lenzi."

"Okezie alikuwa analala chini ya paa linalovuja. Ikedi hana jenereta. Nije mimi niseme zamu yangu ni ya jicho langu? Mngeuza kila kitu, nawajua. Basi nikasema nitaiweza, nimeshika kamera tangu ujana. Jana tukisawazisha nilichungulia, sikuona kitu. Nilitaka Jumamosi ipite tu. Sikuwaza zaidi ya Jumamosi." Akaanza kulia, mtu mzima yule, bila kuficha uso.

Okezie ndiye aliyemfuata kwanza. Alimshika lile bega alilolipima mara tano kwa ajili ya pedi. "Mpumbavu wewe," alisema. "Mpumbavu mkubwa." Naye analia.

"Mtambo hauuzwi," alisema Da Mgbafor. "Mchezo unaanza upya Jumatatu. Zamu ya kwanza ni ya jicho, na anayebisha abishe na mimi."

Saa kumi kamili Sajini, aliyeelekezwa pale na majirani, aliingia na pingu.

"Umeonekana," aliambiwa.

"Mwizi yuko wapi?"

"Hakuna mwizi. Mwenye mali kaihamisha mali yake."

Sajini aliwatazama wote wanne, macho yao mekundu. "Na mchele?"

"Upo."

"Basi upikeni," alisema, akaenda zake.

Ijumaa Okezie alikata mkanda mwembamba wa ngozi, akauzungusha kwenye pete ya lenzi. Ikedi akautilia kishikio kirefu pembeni. Sasa Uzodinma angebeba, na Da Mgbafor, jicho kwenye kioo kidogo cha pembeni ya kamera, angesimama ubavuni mwake akizungusha pete mpaka picha itokwe na ukungu. Walijaribu uani. Mwendo wa Uzodinma ulikuwa uleule, hata ungemtwika maji yasingemwagika.

Jumamosi tulijaa wote nyuma ya kamba kuangalia. Picha ya kwanza ilikuwa ya mama anayerudi nyumbani jioni. Saa kumi na moja na dakika tano Uzodinma alikuwa amesimama, mtambo begani, pedi imekaa kana kwamba alizaliwa nayo.

"Mgbafor," alisema, "mwanga ukoje?"

Da Mgbafor alitazama angani. "Wa mawese, Uzo. Anza."

Uzodinma hakuanza. Aliinua uso, akaugeuza shavu upande wa jua, macho ameyafumba.

"Bado," alisema. "Dakika kumi."

Watu walinung'unika. Waigizaji wakakaa chini. Da Mgbafor alitazama saa yake. Saa kumi na moja na robo jua lilishuka chini ya wingu, na ukuta, vumbi, kipara cha Ikedi na uso wa yule mama vyote vikawa vyekundu.

"Sasa," alisema Uzodinma, na akaanza kutembea.