Mikate Miwili ya Jumapili

Soko la visu la Bukhara lilikuwa limefurika siku ile Muhayyo alipoinamia meza ya mhunzi akichora shoka. Gauni lake la hariri lilikuwa na madoa ya wino. Alikuwa akiugeuza utenzi wa kale kuwa kitabu cha picha, na ukurasa wa mkata vichwa ulikuwa umemshinda.

"Dada, hilo la kuchanjia kuni," sauti ikasema nyuma yake.

"Kumbe wewe ndiye fundi wa vichwa?"

"Vya kwenye vitabu tu. Natunza silaha za makumbusho."

Huyo ndiye Ilhom, kofia ya darizi upande, na vishimo mashavuni. Alimwonyesha mashoka ya vita, yenye ncha ya kutobolea chapeo, na ya kukatia vichwa, mapana, yasiyo na ncha, kwa kuwa anayeyasubiri keshafungwa mikono. Chai ikaleta chai, simu ikaleta simu. Mwezi wa nne akamfunulia kitambaa nyumbani kwao. Lilikuwa shoka la babu wa babu yake, mkata vichwa wa amiri, lenye komamanga la shaba mpinini na pengo kwenye makali.

"Sijamwonyesha mtu, kipenzi. Ukinikimbia nitaelewa."

"Nikimbilie wapi, na wewe ndiye kwetu?"

Muhayyo alilichora lilivyo, komamanga na pengo lake. Hapo ndipo alipoponzwa na ufundi wake, maskini, wala hakujua.

Kitabu kilitoka wiki ya posa. Jumapili wazee wa Ilhom wakaketi kwao Muhayyo, mikate miwili katikati. Ikishavunjwa, binti ni wao. Mama Ilhom, kwa furaha, akamkabidhi Bibi Oysha, bibi yake Muhayyo, kitabu: "Tazama kazi ya mkwe wetu!"

Bibi akafunua, akafunua, akasimama kwenye ukurasa wa shoka.

"Shoka hili umelitoa wapi, mjukuu wangu?"

Muhayyo hakuwahi kumdanganya bibi yake. "Ni la kwao Ilhom, bibi."

"Mama yangu alikuwa na miaka saba. Alisimama uwanjani akamwona baba yake akipigishwa magoti. Komamanga na pengo, alinisimulia mpaka anakufa." Akaweka kiganja juu ya mikate. "Kijana ni mwema, wallahi. Mkono ndio unaokataa kuivunja."

Mikate ikarudi mizima.

Jioni simu ikalia.

"Nilikuonyesha wewe peke yako, Muhayyo."

"Nisamehe, Ilhom. Nitukane basi."

"Hasira ingenisaidia, ila sina. Bibi hana kosa, wewe huna, babu yuko kaburini. Nimlaumu nani?"

"Mikate je?"

"Ipo mezani. Mama hataki mtu aiguse. Siku ile sokoni ningepita zangu, nikuache na shoka lako la kuni."

"Tusingejuana."

"Ndiyo. Na hilo nalo siliwezi."

Muhayyo akalia kwa sauti. Bibi akaingia, akaketi kando yake kitandani, akamfuta machozi kwa mkono ule ule.