Mwambie Apite Mbele

Ukitaka kumuudhi Machibya, usimtukane. Mwambie tu kwamba fulani naye anajua kuendesha gari. Atakutazama kwa huruma, atatikisa kichwa, kisha atakuuliza, "Umewahi kukaa kwenye gari lake mvua ikinyesha?" Hapo ujue umejitafutia kesi ya saa nzima.

Kwake yeye, madereva wa Mwanza walikuwa mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa na Machibya. La pili lilikuwa la watu wanaoshikilia usukani ili wasianguke kitini. Tangu aanze kukodisha gari lake aina ya Noah, akipeleka watu harusini na misibani, hakuwahi kugonga hata kuku. Ajali alizisimulia, tena nyingi, ila zote zilikuwa za wenzake. Alikuwapo bodaboda aliyeingia chini ya lori mara tu baada ya Machibya kumkwepa mbuzi. Alikuwapo mwalimu na familia yake, walioacha njia palepale Machibya alipokanyaga breki. "Nawaonaga kwenye kioo," angesema, akishusha sauti kama mtu mwenye uchungu, ingawa uchungu huo ulikuwa na utamu wake. "Watu hawajui gari. Mimi nakwepa, wao wanakufa."

Jioni ile alikuwa ametumwa na mkewe kwenda Kisesa kumchukua mama yake yeye Machibya, bibi Kabula. Macho ya bibi yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, na kesho yake asubuhi ilibidi awahishwe hospitali. Machibya akampakia kiti cha mbele, akamfunga mkanda, akaweka kifurushi chake cha viazi vitamu miguuni. Jua lilikuwa limeshazama. Upepo wa ziwani ulileta harufu ya mvua.

Kwenye kituo cha mafuta alisimama kidogo na kushuka. Hapo alikuwa anasubiriwa na Ngosha, mwanawe pekee wa kiume, ambaye mwezi huohuo alikuwa amenunua gari dogo, IST ya bluu. Alikuwa ametoka nayo Magu na mkewe, Jovitha, binti wa Kihaya mwenye mimba changa. Walikuwa wamekubaliana warudi pamoja nyumbani Mkolani, kwa sababu Ngosha hakuwa ameizoea barabara ya Usagara gizani.

"Shikamoo baba," wakasema wote wawili.

"Marahaba. Bibi yenu yuko garini, mtamsalimia tukifika. Sikiliza, Ngosha. Unakaa nyuma yangu. Nikisimama, unasimama. Nikikwepa, unakwepa. Simu usiguse. Na nikikupungia upite, usipite, nitakuwa nakupima. Vijana mnakufaga kwa kupita pita."

"Sawa, mwalimu," Ngosha akajibu huku anacheka.

Machibya akarudi kwenye Noah bila kumwambia mama yake kitu. Alitaka bibi alishangae gari la mjukuu wake wakishafika nyumbani. Kwa macho yale, bibi hangeweza kujua nani alikuwa nyuma yao.

Wakaiacha Kisesa, wakashika barabara ya Usagara. Giza likaja upesi. Nyumba zikapungua, yakabaki mawe makubwa na mashamba pande zote mbili.

"Baba," bibi akaita. Hivyo ndivyo alivyomwita mwanawe tangu utotoni. "Kuna gari nyuma yetu?"

"Lipo, mama."

"La nani?"

"La mtu tu."

Bibi akapumua. "Mungu amsaidie," akasema polepole.

Machibya akacheka. Siri ikamshinda. "Basi huyo unayemwombea ni Ngosha. Mjukuu wako kanunua gari, mama. Yuko nyuma yetu na mkewe."

Bibi hakucheka. Akageuza uso, akamtazama mwanawe kwa macho yale meupe, kama vile kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alikuwa anamwona.

"Mwambie apite mbele."

"Hajazoea nj..."

"Machibya." Hakuwa na kawaida ya kumwita kwa jina. "Mwambie apite mbele!"

Ndipo harufu ikaingia. Manyoya ya kuku yanayoungua. Vioo vyote vilikuwa vimefungwa, na nje hakukuwa na moshi wala nyumba.

"Unaisikia?" bibi akanong'ona. "Imeamka."

"Nini imeamka?"

Bibi akauvuta upande wa khanga, akaubana mdomoni, kisha akaanza kusema. Alisema kwa haraka na kwa sauti ndogo, kama anayeogopa kusikika na mtu wa tatu. Baba yake Machibya alitoka asubuhi juu ya lori la pamba, akarudi jioni ndani ya turubai. Kwa hiyo Machibya aliposema anataka kuwa dereva, bibi hakupata usingizi. Akavuka ziwa kwenda kwa mganga. Wakamchoma kuku mweusi mzima mzima na manyoya yake, majivu yakazikwa langoni, na gari jipya likapitishwa juu yake likirudi kinyumenyume.

Machibya aliikumbuka siku hiyo. Alidhani ni mambo ya wazee.

"Mganga akaniambia ajali haizuiliki," bibi akaendelea. "Ikishatoka kwao, inatafuta mtu. Akasema wewe inaweza kukuruka. Imshike wa nyuma yako."

"Na wewe ukasema nini?"

Bibi akaushika mkanda wa kiti kwa mikono miwili.

"Nikasema wa nyuma simjui."

Ni aibu kulisema hili, lakini jambo la kwanza lililomchoma Machibya halikuwa Ngosha. Lilikuwa jina lake mwenyewe. Mbuzi yule. Mvua zile. Kona zote alizozisifia vijiweni. Kwa hiyo hakuwa yeye? Halafu akamkumbuka bodaboda. Akamkumbuka yule mwalimu, na kiatu kidogo cha mtoto alichokiona katikati ya lami, ambacho katika simulizi zake hakuwahi kukitaja.

Akatazama kioo. Taa za IST zilikuwa zimebaki nyuma sana, zimesimama kabisa, kule walikopita daraja dogo. Labda wameharibikiwa. Labda wamegeuza... Ee Mungu, wawe wamegeuza!

Taa zikaanza kutembea tena. Zikamfikia. Zikakaa nyuma yake, kwa nidhamu, kama alivyofundisha.

Akateremsha kioo, akatoa mkono, akapunga. Pita. Pita!

Ngosha akawasha taa mara mbili kwa furaha, akabaki palepale.

Akapunguza mwendo. IST nayo ikapunguza. Akakanyaga breki ili asimame, na papo hapo akamkumbuka yule mwalimu, akaondoa mguu kama aliyekanyaga kaa la moto. Kila mara ilikuwa hivyo. Yeye anasimama, wa nyuma anakufa. Yeye anakwepa, wa nyuma anakufa. Afanye nini sasa, apae?

Akampigia Ngosha. Simu ikaita mpaka ikakata. Mtoto mtiifu yule! Akampigia Jovitha.

"Haloo, baba."

"Jovitha, mwambie mumeo anipite. Sasa hivi."

Akasikia kicheko cha Ngosha kwa mbali. "Mwambie nimegoma! Mtihani huo naujua!"

"Si mtihani! Jovitha, mwanangu, nisikilize, nakuomba..."

"Baba." Jovitha alishusha sauti. "Samahani kukukatisha. Mbona bibi umemshusha?"

"Bibi gani?"

"Bibi Kabula. Tumemkuta pale darajani, kasimama peke yake pembeni. Tumempakia. Yuko hapa kiti cha nyuma... ila haongei. Na ananuka moshi."

Machibya aligeuza shingo taratibu.

Mama yake alikuwa hapo hapo, pembeni yake. Mkanda kifuani. Khanga mdomoni. Machozi yanamtiririka.

Kwenye simu ikaja pumzi ya mtu mzee. Kisha sauti ya mama yake, ileile aliyoizoea tangu ananyonya.

"Endesha, baba. Usiangalie nyuma."

Simu ikakatika.

Machibya aliogopa hivyo mara moja tu maishani, na ilikuwa hiyo. Lakini ndani ya woga ule kuna kitu kilinyooka. Kama ajali inatafuta mtu, akawaza, basi initafute mimi. Mimi ndiye niliyekula maisha ya watu. Kushoto kwa barabara palikuwa na mtaro mrefu wa maji ya mvua, wenye kina cha kummeza mtu mzima.

"Jishike, mama."

"Haitakubali," bibi akanong'ona. "Nilikuombea wewe. Haitakubali."

Akafumba macho, akakata usukani kushoto.

Matairi yakaacha lami. Majani yakachapa vioo, viazi vikatawanyika, gari likalala upande. Akasubiri kishindo. Badala yake akasikia mikono yake mwenyewe ikifanya kazi. Hakuiamuru. Ikarudisha usukani nusu, ikashusha gia, na mguu wake ukagusa mafuta kidogo tu, kama unavyogusa uji wa moto kwa mdomo. Noah ikapanda ukingo wa mtaro kwa tairi mbili, ikayumba, ikarudi barabarani. Haikuwa na mkwaruzo. Hakuwahi kuendesha vizuri namna ile.

Na nyuma yake, Ngosha akafanya kama alivyoelekezwa. Baba akikwepa, unakwepa.

Kwenye kioo Machibya aliona taa mbili zikienda kushoto. Akaziona zikitazama mbinguni. Halafu hakuziona tena.

Watu walitokea gizani na tochi za simu, kama watokavyo siku zote. Jovitha walimkuta kwenye majani nje ya gari, mkono umevunjika, mimba yake salama. Ngosha alikuwa bado ameshika usukani, mikono yote miwili, jinsi baba yake alivyomfundisha. Kiti cha nyuma hakikuwa na mtu. Mlango wa upande huo ulikuwa wazi, na waliouona walisema haukufunguliwa na kishindo, ulikuwa umefunguliwa tu, kama mtu aliyefika kwake akashuka.

Walimzika Ngosha Kisesa, kwenye uwanja wa bibi. Askari wa barabarani alikuja kutoa pole na alishindwa kujizuia. "Mzee, zile alama za matairi yako nimezipima mara mbili. Umetokaje mle? Dereva mwingine hatoki." Wajomba wakaitikia kwa vichwa. Jirani mmoja, mtu mwema kabisa, alimshika Machibya bega akasema, "Laiti kijana angepata nusu ya ujuzi wako." Machibya alitaka kupiga kelele. Angesema nini? Mama yake alikuwa amelala chumbani, uso ukutani, na tangu usiku ule hakuwa amesema neno. Aliyejua mwanzo wa jambo lile alikuwa mama huyo, na alikuwa amefunga mdomo.

Siku ya pili jioni, waombolezaji wakiwa kwenye chakula, Machibya alitoka kimyakimya. Funguo za Noah alikuwa amezitupa chooni. Alitaka kutembea kwa miguu, peke yake, mpaka pale ambapo hakuna mtu. Akashika ukingo wa barabara kubwa, uso kuelekea mjini.

Akasikia hatua nyuma yake.

Akageuka. Alikuwa Jovitha, mkono umefungwa shingoni kwa kitambaa, macho yamevimba.

"Baba, mama mkwe kanituma nikurudishe. Hujala tangu juzi."

"Jovitha. Pita mbele."

"Eti?"

"Pita mbele yangu. Nitakuja nyuma yako."

Jovitha akainamisha kichwa. "Baba, nitakutanguliaje? Mkwe hatangulii baba mkwe. Kwetu Muleba ni mwiko, na hapa kwenu nimeambiwa hivyohivyo siku nilipoolewa. Watu wako wale wanatuona."

Machibya akazunguka haraka ili yeye awe nyuma. Jovitha, kwa adabu, naye akazunguka. Akajaribu tena. Akazunguka tena. Watu wazima wawili, mmoja na mkono uliovunjika, wakazungukana ukingoni mwa barabara, na wale walioona kutoka msibani wakadhani ni uchungu umempanda mzee kichwani.

"Nakuomba," akasema Machibya. "Mwanangu, kwa ajili ya huyo uliyembeba. Nakuomba."

"Baba, umechoka," Jovitha akasema kwa upole. Akamfuta mkono vumbi, akarudi hatua mbili, akasimama nyuma yake kama mkwe mwenye malezi. "Wewe tangulia tu. Mimi nakufuata."

Upepo ukaleta harufu ya manyoya ya kuku. Labda ni jikoni kwa wapishi wa msiba, walikuwa wanachinja. Machibya alibaki amesimama, hathubutu kuinua mguu, na kutoka nyuma ya Jovitha, upande wa Magu, akasikia lori likija.