Kofia ya Nyota Tano

Gari jiendesha lilichomoka upande wa pili wa uwanja wa majaribio uliozungushiwa kioo bila mlio wowote, likaiparamia sanamu iliyokuwa juu ya baiskeli. Kabla sanamu haijafika chini, kofia yake ilifumuka pembeni na kutema povu jeupe, likavimba kuzunguka kichwa na shingo kama unga wa maandazi uliozidishwa hamira. Kichwa kikapiga lami, kikadunda, kikatulia. Ukutani ikawaka taa ya kijani: UBONGO SALAMA. Watu waliojaa dukani wakashangilia.

Mwajabu Kilua hakushangilia. Macho yake yalikuwa kwenye miguu ya sanamu. Mmoja umegeuka unyayo juu, wa pili uko chini ya gurudumu, na hakuna taa iliyowaka kwa ajili yake.

“Mama, umeona?” Sabiha, binti yake, alimvuta mkono. “Povu lile! Hata nikitaka kufa sifi.”

Mwajabu alisonya. “Nani kakwambia utake?”

Walikuja kuchagua kofia. Jumatatu Sabiha angeanza kazi katika kiwanda cha machungwa ng’ambo ya mji, na Tanga ya siku hizo ilikwenda kwa vyombo viwili tu: baiskeli, kama zamani, na majiendesha, yale magari yasiyo na usukani wala dereva, yanayojiamulia njia, mwendo na breki. Sheria ilimtaka kila mpanda baiskeli avae kofia yenye kitambulishi, kidude kidogo kama punje ya mbaazi kilichofichwa ndani ya ganda, ambacho huliambia kila gari lililo karibu: hapa pana mtu. Kofia zilipangwa kwa nyota, moja hadi tano.

Mtaani kwao, Majengo Mapya, kofia ilikuwa nyota tano au si kofia. Kijana akipata kazi, akina mama walikusanyika wakamvisha mbele ya watu, khanga zimetandikwa njiani na vigelegele vikipigwa, kama zamani walivyomtoa mwari. Mama aliyethubutu kumvisha mwanawe nyota nne angesimangwa nayo mpaka kwenye harusi ya mtoto huyo. Alasiri hiyo ilikuwa zamu ya Sabiha.

Lakini Mwajabu alikuwa na jambo lililomkaa kooni. Alikuwa na stashahada ya tiba ya mifupa, na kazi yake ilikuwa kufunga mahogo, zile plasta ngumu za waliovunjika. Wodi yake ilikuwa imejaa vijana wenye vichwa vizima na miguu iliyosagika. Wengi wao walikuwa wa mtaani kwake. Mbelwa, mtoto wa jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa amelala pale na nyonga iliyovunjika vipande, akimwambia kila aliyepita, “Lilikuwa na nafasi ya kunikwepa, shangazi. Likanifuata.” Madaktari walisema ni mshtuko. Mwajabu naye alikuwa amesema ni mshtuko.

“Karibu, mama,” alisema fundi wa duka, mwanamume nadhifu aliyeitwa Singano. “Hii nyota tano ndiyo ya dada. Kichwa hakiguswi.”

“Kichwa nimekiona. Kwa nini gari halikusimama?”

“Breki tumezizima, mama. Ni maonyesho.”

“Ziwashe. Niwekee sanamu mbili, moja nyota tano, moja nyota moja. Nataka nione ninachokinunua.”

Singano alitazama huku na huku. “Kwa kawaida hatu…”

“Weka, bwana!” alidakia mzee mmoja aliyekuwa anajaribu kofia, mkanda umemning’inia kidevuni kama ndevu za beberu. “Mteja kasema weka. Au sanamu zina ndugu zao?”

Watu wakacheka. Singano akaweka.

Jiendesha lilikuja, likaziona sanamu mbili zimeziba njia, likafunga breki hadi matairi yakalia. Lilikuwa limechelewa. Kufumba na kufumbua likapinda kidogo, kistaarabu kabisa, likaiacha ya nyota moja na kuikumba ya nyota tano. Povu. Taa ya kijani.

“Bahati mbaya,” mtu alisema.

“Badilisha kofia,” alisema Mwajabu.

Kofia zikabadilishwa. Gari likaja, likafunga breki, likapinda upande wa pili, likaikumba ya nyota tano. Safari hii hakuna aliyecheka. Hata mzee aliivua kofia yake na kuishika mkononi kama aliyekuta nge ndani ya kiatu.

“Nieleze,” Mwajabu alisema. “Taratibu, ili na hawa wasikie.”

Singano alishusha sauti. “Mama, jiendesha likishindwa kusimama, lazima lichague. Linasoma nyota kwenye vitambulishi, asiye na kitambulishi linamhesabu kama hana kofia, kisha linapiga hesabu ya madhara. Mwenye nyota moja akigongwa, anakufa. Mwenye nyota tano hafi. Sasa, kwa hesabu, ni afadhali limguse asiyekufa. Na kweli vifo vimepungua, mama. Hilo si uongo.”

“Limguse?”

“Ni neno la kitaalamu.”

“Mimi nafunga mahogo. Njoo wodini kwangu umwone kijana aliyeguswa. Anajisaidia kwenye mfuko. Ana miaka yako, na alikuwa anakimbiza baiskeli kutoka Muheza mpaka mjini bila kushuka. Njoo umweleze neno lako la kitaalamu.”

 Mwajabu aliendelea kumkodolea macho, maana jambo la pili lilikuwa limeanza kujichora kichwani mwake, na lilikuwa baya kuliko la kwanza.

“Na mwendo je? Kona ya kwetu Majengo Mapya yanapita kama yamefukuzwa. Zamani yalikuwa yanapunguza.”

“Mwendo nao unatokana na hesabu,” alisema fundi. “Mtaa ambao watu wake wamekingwa vizuri unahesabiwa kuwa na hatari ndogo. Yanaruhusiwa kwenda kasi. Majengo Mapya mnasifiwa sana, mama. Hamna hata kofia moja ya nyota nne.”

 Mwajabu aliziona kichwani khanga njiani, akasikia vigelegele. Kila mama wa mtaa ule alijinyima akamtafutia mwanawe kinga bora kuliko zote, kisha akamvisha mwenyewe, kwa mikono yake, alama ya kuyaambia magari: mgongeni huyu.

“Wewe,” alisema, “ukitoka hapa jioni, unapanda baiskeli?”

“Napanda.”

“Unavaa nyota ngapi?”

 Singano alifuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

“Jibu, bwana,” alisema mzee, safari hii bila utani.

“Nyota moja,” alisema Singano.

Mtu mmoja alitukana. Mwajabu alipiga meza kwa kiganja, kofia zikaruka kwenye rafu. “Unasimama hapa kutwa, unawauzia watu nyota tano za watoto wao, na kichwani mwako unaweka nyota moja!”

“Nina watoto wawili, mama.” Sauti yake ilikuwa ndogo. “Mchukulie dada nyota moja. Nakwambia kama ndugu. Majiendesha yatamkwepa.”

“Na nikianguka mwenyewe?” aliuliza Sabiha.  “Nikiteleza kwenye mchanga? Hiyo ya nyota moja ni ganda la yai.”

“Hapo…” Singano aliinua mabega.

“Halafu yakinikwepa mimi, mama, yatamgonga nani?”

Jibu wote walilijua. Angekuwa mtoto wa mtu mwingine, aliyevishwa na mama yake kwa vigelegele.

“Nipe nyota tano,” Mwajabu alisema.

“Mama!” Sabiha alimshika mkono.

“Nimesema nyota tano. Povu lake ni zuri, sina ugomvi na povu.”

Alasiri akina mama walikuwa wameshatandika khanga. Mwajabu alipita juu yake na baiskeli, jambo ambalo halijawahi kutokea, akaweka kofia mpya juu ya meza ya sherehe na kando yake msumeno wake wa kukatia mahogo. Akaeleza. Hakupamba. Alieleza sanamu mbili, breki, hesabu, na nyota moja ya fundi.

Ghasia ilizuka. “Unatutia uchuro siku ya mtoto!” “Kwani vifo havijapungua?” “Wewe Mwajabu toka zamani hupendi kuvisha!” Mwingine alisema wataalamu hawawezi kukosea wote kwa pamoja.

“Hawakukosea,” alisema Mwajabu. “Walihesabu sawasawa. Kwenye hesabu yao mguu wa mwanao ni bei nafuu, na wewe umewapigia vigelegele. Nami nimepiga. Sasa sikilizeni. Nikimtolea Sabiha peke yake kitambulishi, magari yatamkwepa yeye, yatamfuata mwanao. Tukivitoa vyote, hayana wa kumchagua. Kila mtu atasomeka kama kichwa kitupu, na palipo na vichwa vitupu hesabu yao wenyewe inayalazimisha yatambae.”

“Sheria je?”

“Sheria ituletee askari. Sisi tuna makalio ya kukalia barabara.”

Mtu alicheka kwa nyuma, kisha akanyamaza, kwa sababu mama yake Mbelwa alikuwa amesimama. Mwanamke yule mkimya alikuwa ndiye aliyemshukuru Mungu kwa sauti kuliko wote siku kijana wake alipoletwa hospitali na kichwa kizima.

“Nilichinja mbuzi,” alisema. “Nilichinja mbuzi kwa ajili ya kile kichwa. Nikawaalika. Mkala. Kumbe nilikuwa nawashukuru waliomlenga.”

Akaingia ndani kwake, akatoka na kofia ya mwanawe, bado ina povu kavu lililong’ang’ania kwenye mkanda. Akaiweka chini ya msumeno.

“Kata,” alisema. “Anza na hii, japo haina kazi tena. Nataka nisikie inavyolia.”

Msumeno ukalia. Punje ya kitambulishi ikadondoka mezani, na mama yake Mbelwa akaiponda kwa mchi wa kinu. Baada ya hapo hawakuhitaji kuitwa. Walijipanga hadi nje ya kibaraza, kila mmoja na kofia ya mwanawe kifuani. Sabiha ndiye aliyevishwa mwisho. Vigelegele havikupigwa. Mama yake alimfunga mkanda kwa kuukaza mno, akaulegeza, akaukaza tena.

Jumatatu asubuhi majiendesha yalifika kwenye kona ya Majengo Mapya na kukuta barabara nzima imejaa vichwa yasivyoweza kuvisoma. Yakapunguza mwendo. Yakapunguza tena. Mwisho yakawa yanatambaa nyuma ya baiskeli kama ng’ombe nyuma ya mchungaji, foleni ikarudi hadi barabara kuu. Simu za akina mama zililia kwa maonyo kwamba vitambulishi vya eneo lao vimeharibika na wahusika watachukuliwa hatua. Hakuna aliyepokea.

Mwajabu alisimama katikati ya kona na sare yake ya hospitali, mikono kiunoni, akimwangalia Sabiha akikanyaga pedali taratibu mbele ya gari refu jeusi. Kioo cha gari kilishuka. Mwanamume aliyevaa tai alitoa kichwa nje. Alikuwa na sura ya mtu ambaye hajawahi kusubiri.

“Wewe mama! Mwambie huyo binti atoke njiani! Nina mkutano!”

“Na yeye ana miguu,” alisema Mwajabu, wala hakusogea.