Sala Iliyotiwa Kinywani mwa Mwingine

Jua lilikuwa linazama Kasuku alipotumwa tangawizi. Kazi ya dakika kumi. Mama yake alikuwa amekaukiwa sauti, siku ya tatu sasa, tangu filamu mpya ianze kuonyeshwa. Hakuna aliyeyaunganisha mambo hayo mawili. Nani angeyaunganisha? Mama hakuwahi kukanyaga ukumbi wa video maishani mwake.

"Usikawie, baba," alimnong'oneza, mkono kooni. "Nataka niwahi sala ya jioni, na sauti yenyewe ndiyo hii unayoisikia."

Kasuku lilikuwa jina la kazini. Alikuwa mtafsiri wa filamu. Picha zinakuja zikisema lugha za watu, naye anajifungia kwenye chumba cha nyuma alichokiziba kwa trei za mayai na mablanketi, anaitazama midomo, anaitilia maneno ya Kiswahili. Mwanamume yeye, mwanamke yeye, mtoto yeye, hata mbwa yeye. Watu walimpenda, na yeye alipenda kupendwa.

Filamu hii ilimpiga chenga mahali pamoja. Ndani yake kuna mama mshika dini. Kama umewahi kutazama filamu za kutisha, unamjua, maana yumo karibu katika zote. Nywele zimebanwa nyuma, kitabu kitukufu kifuani, macho makavu. Wenzake wanaona mtoto mgonjwa, yeye anaona pepo. Anamfungia binti yake chumba cha chini na kumkemea usiku na mchana. Kazi zake kwenye hadithi ni mbili tu: atishe watu, kisha afe vibaya ili watu warudi makwao wameridhika. Kasuku alimsemea kwa sauti nyembamba, ikatoka kama ya paka aliyebanwa na mlango. Mwenye ukumbi aliisikiliza akatikisa kichwa.

"Huyu hamwogopeshi mtu, kaka. Tafuta sauti ya mtu anayeamini."

Mtu anayeamini alikuwa nyumbani kwake, chumba cha pili, magoti chini, kama jioni zote. Kasuku akakisogeza kinasa sauti mlangoni, taratibu, kama mwizi wa kuku.

"Ee Mola, mtoe mwanangu gizani. Hata kwa kumburuta, Mola wangu. Mburute, lakini umtoe."

Maneno yale yalimkaa yule mwanamke wa filamu kama nguo aliyopimiwa kwa fundi.

Sasa, watafsiri wana mwiko wao. Mzee Maiki, aliyemfundisha Kasuku kazi, alimpa siku ya kwanza kabisa. Mtu unayemsemea akifa ndani ya filamu, kabla hujazima kinasa tamka kwa kinywa chako: "Si mimi." Kisha kikate kipande hicho ukitupe. Kasuku aliufuata mwiko huo kwa mazoea tu, kama mtu anavyopangusa viatu mlangoni. Kila aliyekufa kwa sauti yake alimkana. Lakini yule mama anauawa kwa shoka mwishoni, na sauti yake haikuwa ya Kasuku.

Hakuna aliyesema si mimi.

Basi jioni hiyo alikuwa anarudi na tangawizi yake mkononi, akapita kando ya ukumbi. Akamsikia mama yake anasali ndani. Tuseme ukweli, kwanza aliona fahari. Akaegemea mlango kutazama watu wanavyoipokea kazi yake.

Ukumbi ulikuwa umejaa hadi kwenye korido. Sauti ilipofika "Hata kwa kumburuta," ukumbi mzima uliitikia pamoja nayo, maana walishaikariri, kisha wakaangua kicheko hadi mabenchi yakalia.

"Mwehu huyo!" alipiga kelele fundi viatu.

"Shoka liko wapi? Mbona linachelewa?" aliuliza muuza mboga, akijifuta machozi ya kicheko. Mchana huohuo alikuwa ibadani, mikono juu, akimlilia Mungu kwa ajili ya watoto wake.

Kasuku alisikia harufu ya mafuta ya mkaratusi. Mama yake alijipaka mafuta hayo kooni. Huku ukumbini palikuwa na jasho na vumbi tu... lakini harufu ilizidi, kana kwamba mtu ameketi karibu yake.

"Mola wangu..." ilisema sauti kwenye spika. "Mwanangu yuko mlangoni. Ameshika tangawizi."

Kasuku hakuwa amerekodi maneno hayo.

Alimtazama yule mwanamke kwenye pazia. Mara mia alikuwa ameitazama midomo ile, anaijua ilivyokataa kulingana na Kiswahili chake. Sasa ililingana. Kila herufi. Na macho yale makavu yalikuwa yameelekea mlangoni.

"Leo Kasuku katuongezea vichekesho!" alisema fundi viatu, na watu wakacheka upya.

Alijipenyeza kati ya magoti ya watu hadi kwenye mashine. "Zima! Zima, huyo ni mama yangu!"

Kikazuka kicheko kikubwa kuliko vyote. Mwenye ukumbi alimdaka shati.

"Kaka, una nini? Watu wamekuja kuona shoka. Unataka wanivunjie ukumbi?"

Kasuku akaung'oa waya ukutani. Picha ikafa. Spika zikafa.

Sauti haikufa.

Gizani mle ilisikika ikipumua. Taratibu. Karibu. "Nipo, Mola wangu... nipo..." Watazamaji walidhani ni ufundi mpya wa Kasuku. Wakaanza kupiga miguu sakafuni, wote pamoja.

"Mpige! Mpige! Mpige!"

Puh.

Makofi.

Hajui alitokaje. Tangawizi ilimdondoka njiani. Alimkuta mama yake sakafuni kati ya kitanda na kiti, kitambaa cha kichwa kimemvuka. Hapakuwa na damu. Shingoni palikuwa na mstari mwekundu, mwembamba kama uzi. Alikuwa anapumua.

Alimwinua, akamlaza, akaanza kumsihi. "Mama, sema 'Si mimi.' Mara moja tu. Tafadhali."

"Si mimi nini?"

Akamweleza yote. Kinasa, mlango, chumba cha chini, shoka. Mama alimsikiliza bila kumkatiza, na hilo lilimuuma kuliko kofi. Alipomaliza, aliuliza kwa mnong'ono:

"Walicheka wapi?"

"Mama, hayo yaache..."

"Nakuuliza, mwanangu. Walicheka wapi?"

"Pale... pa kumburuta."

Mama alitikisa kichwa polepole. "Pale nilikuwa nalia."

Kasuku alipiga magoti. Hakuwa amepiga magoti chumbani mle tangu utotoni. "Sema tu si mimi. Ni maneno matatu hata hayafiki. Utapona."

"Lakini ni mimi, baba." Sauti ilikuwa imebaki kidogo sana, ilimbidi ainamishe sikio. "Sala ile ni yangu. Nikisema si mimi, nitakuwa nimekuombea kwa kinywa cha nani miaka yote hii? Kukana watu ni kazi yako. Mimi siiwezi."

Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho yenye sauti.

Kasuku aliifuta filamu kwenye mashine yake usiku uleule. Kazi bure. Ilikuwa imeshanakiliwa, imeingia kwenye simu za watu na kumbi za miji asiyoijua. Alimwendea Mzee Maiki kuuliza dawa. Mzee alimtazama sana, akasema, "Mimi niliambiwa niseme, nikasema. Sikuambiwa kwa nini." Akafunga mlango.

Siku hizi mama anaweza kuwa anafagia, au anakunja nguo, mara anasimama. Midomo yake inaanza kusogea bila sauti. Kasuku anaisoma, ndiyo kazi yake. Analeta mto, anauweka sakafuni, anasimama nyuma yake mikono wazi, kwa maana anajua ni dakika ngapi zimebaki kabla ya shoka. Juzi aliangukia mikononi mwake mara nne. Filamu imependwa sana.

Na kila mara, akifika pale pa kumburuta, mama hutulia kidogo, akimtazama mwanawe, akiwasubiri wamalize kucheka.