Zamu ya Kumgeuza Babu

Kila siku akitoka shule, Chiriku alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, kisha akaingia chumbani kwa babu yake. Jina hilo alipewa na babu mwenyewe, kwa kuwa mdomo wa mtoto huyo haukujua kupumzika. Siku hizi babu hakuweza kumwita mtu kwa jina lolote. Kiharusi kilikuwa kimempooza mwili na kumfunga ulimi. Yalimbakia macho tu.

"Mwanangu, usisahau kumgeuza," mama alimwambia kila asubuhi akiwahi kiwandani, alikoshona sare. "Akilalia ubavu mmoja mchana kutwa, ngozi itachubuka, ioze."

"Sawa, mama."

Mwanzoni Chiriku alitimiza alivyoagizwa, akimsimulia babu vituko vya darasani huku akimsukumia mto mgongoni. Lakini babu alikuwa mzito kama gunia la mchanga, na nje wenzake walikuwa wakiruka kamba. Siku moja akasema moyoni, "Nitamgeuza nikirudi." Aliporudi, jua lilikuwa limezama na mama yuko jikoni.

"Umemgeuza babu?"

"Nimemgeuza."

Uongo huo ulimkwama kidogo kooni. Wa kesho yake ulipita bila shida, na baada ya hapo akauzoea. Shahidi alikuwa mmoja tu, naye hana sauti. Chiriku akaanza kukwepa kumtazama machoni.

Haikuchukua muda, mama akasikia harufu. Alipofunua shuka, aliona kidonda nyongani, kimechimba hadi ndani. Akamwita muuguzi wa zahanati ya jirani.

Muuguzi alikisafisha, uso kaukunja. Babu alifumba macho. Machozi yakamchuruzika hadi sikioni.

"Mama, mzee huyu hageuzwi," muuguzi alisema.

"Anageuzwa! Binti yangu anamgeuza kila mchana. Huyu maneno anayo mengi, lakini hanidanganyi hata siku moja. Labda ni mimi, usiku simlazi vizuri." Mama akaketi sakafuni. "Au niache kazi? Nikiacha, tutakula nini?"

Chiriku alikuwa amesimama mlangoni, akisikia yote. Angenyamaza, lawama ingebaki kwa mama, wala hakuna ambaye angejua. Akamtazama babu. Babu naye alikuwa akimtazama.

"Mama, sikuwa namgeuza. Nilikuwa naenda kucheza."

Mama hakumpiga wala hakumfokea. Alimkodolea macho kana kwamba ameletewa mtoto asiyemjua. Hilo liliuma kuliko fimbo.

Tangu siku hiyo Chiriku hakutoka nje tena mpaka amemgeuza babu, akampangusa na kumfunga kidonda kama muuguzi alivyomfundisha. Hata hivyo, mama akirudi jioni hakumuuliza kitu. Alikwenda moja kwa moja chumbani kujionea mwenyewe.

Kidonda kilifunga polepole, lakini babu hakupona. Mvua zilipokatika, alifariki. Chiriku hakujua kama babu alikuwa amemsamehe. Ulimi ule haukufunguka tena.

Baada ya mazishi, alimkuta mama akikunja mashuka.

"Mama, ni mimi niliyemuua?"

"Hapana. Kiharusi ndicho kilichomwondoa. Lakini maumivu ya kile kidonda ulimpa wewe. Hilo siwezi kukuficha."

Chiriku akalia. Mama akamwacha alie, kisha akamshika bega.

"Mbele za watu kila mtu ni mwema, mwanangu. Utu wako unajulikana chumbani, mlango umefungwa, na anayekuona hana mdomo wa kukusema. Humo ulianguka. Halafu ukasema kweli ilhali ungeweza kunyamaza, ukamhudumia mpaka mwisho bila kusukumwa. Hayo yote mawili ni yako. Usisahau hata moja."

Mama akashika upande mmoja wa godoro, Chiriku akashika wa pili, wakalitoa nje kulianika.