Mgomba Uliopewa Jina

Nepi zilikuwa zimekunjwa. Zilpah alizianika asubuhi, akaenda kupalilia mahindi, na mvua ya alasiri iliponguruma akakimbia kuzianua. Alizikuta mlangoni, kavu, zimekunjwa pembetatu kama nyanya wa zamani walivyokunja. Alimshukuru Mungu, kisha akaenda kumshukuru jirani yake, mzee Maximilla. Maximilla akasema hajafika huko tangu juzi.

"Basi ni mtu mwema tu," Lusweti, mume wa Zilpah, akacheka. "Akirudi mwambie magugu pia yanamngoja."

Walikuwa wamehamia shamba hilo la Lumakanda baada ya mavuno. Ng'ombe wawili ambao Zilpah aliachiwa na mama yake waliuzwa ili bei itimie, na hati ikaandikwa jina la Lusweti, kama hati zinavyoandikwa. Wanzala, aliyewauzia, aliwapa mkono, akahama, akazima simu.

Wema uliendelea. Uji uliosahauliwa mezani ulifunikwa. Kuni ziliingizwa ndani kabla ya mvua. Zilpah hakuogopa, mwenye mtoto mchanga hakatai mkono wa kumsaidia. Ila kila wema uliacha harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi, hata Jumapili, siku ambayo hakuna aliyeshika jembe.

Kisha siku moja Beverly, mwanawe, akakosekana kitandani. Mtoto hajajua hata kutambaa. Zilpah alimpata nyuma ya jiko, pale pasipoota nyasi, amelala vizuri juu ya leso. Mara ya pili alimpata pale pale, na udongo ulikuwa umemfunika hadi magotini, umepapaswa taratibu pande zote, kama blanketi. Miguu ilikuwa baridi. Haikupata joto tena, hata kwa maji moto.

Maximilla alipoona miguu hiyo alikaa chini.

"Kwani Wanzala hakuwaambia? Mama yake amelala hapo. Alisawazisha kaburi kwa trekta kabla hajaleta wanunuzi. Shamba lenye kaburi halipatangi bei."

"Na wewe, kukhu, nyanya yetu, mbona ulinyamaza?"

"Mlikuwa mmeshalipa, mayi, mama yangu. Nikaona heri mpate usingizi."

Lusweti alipandwa na hasira, lakini kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mtu chumba cha pili. "Hati ni yangu. Ofisi ya ardhi haimjui huyo marehemu."

"Na yeye haijui ofisi," Maximilla akasema.

"Tuhame," Zilpah akasema.

"Kwenda wapi? Na nani atanunua, Mama Bevu, akishasikia?"

Alasiri hiyo mvua ikaja na upepo, na Zilpah, akiwa peke yake, akajifungia ndani, akiwa amemfunga Beverly kifuani, akisikiliza mabati yakipigwa, na chini ya kelele hiyo kelele nyingine ndogo, ya miguu mitupu ikijiburuta ukutani kwa nje, ikaenda jikoni, ikafunika sufuria, ikasogeza ndoo chini ya paa, ikaja mlangoni ikasimama, na harufu ya udongo ikapenya pamoja na sauti ya mwanamke mzee, ya upole, sauti ya mtu anayeuliza njia: "Mwanangu, wangu wote wameondoka. Wenu nani amelala hapa? Watu hawakai mahali wasipokuwa na mtu wao. Nipe huyo mdogo nimlaze mimi, ni mwepesi, hatasumbua."

 Zilpah alikaa tu, mgongo ukutani, mpaka mvua ikaisha.

Jioni, Zilpah alipowasimulia, Maximilla aliwaeleza kilichobaki kufanywa. "Mtu akichukuliwa na maji ya mto Nzoia asipatikane, tunazikanga mgomba badala yake. Tuzike mgomba hapa. Lakini lazima uitwe jina."

"Jina la baba yangu," Lusweti akasema.

"Baba yako amelala Matete. Mtu hana makaburi mawili."

"Basi tubuni jina."

"Ardhi si karani, udanganye upite. Lazima liwe jina la mtu wa nyumba hii."

Lusweti alitazama chai yake. "Nikizikwa mimi, hata kwa jina tu, ndugu zangu watalia siku tatu, ya nne watagawana shamba. Mtatolewa wewe na mtoto."

Hakusema uongo. Na jina la mtoto halikutajwa. Hakuna aliyemwambia Zilpah aseme, na hakuna aliyemkataza.

"Andikeni langu," akasema, ingawa hapakuwa na cha kuandika.

Walizika kulipopambazuka. Lusweti alichimba. Maximilla aliuvalisha mgomba gauni la Zilpah, kisha akavua kanga yake mpya akaufunika, asitake uingie bila kitu kizuri. Udongo wa kwanza ulipoanguka, Zilpah, aliyesimama kando, alisikia uzito kifuani. Halafu hakusikia kitu.

Harufu iliisha. Miguu ya Beverly ikapata joto siku hiyo hiyo, na mtoto akaanza kunenepa. Lusweti alikuwa akiamka kumwashia mkewe moto, jambo ambalo wanaume wengi hawafanyi. Zilpah aliipua sufuria ya ugali kwa mikono mitupu, akayatazama malengelenge yakitokeza. Alipomwonyesha mumewe, Lusweti aliyapaka mafuta, akayapuliza.

"Usijali," akamwambia kwa upole. "Sasa hakuna mtu wa kututoa hapa."

Siku ya chanjo, Maximilla alikuja kuwasindikiza kliniki. Alitangulia kuvuka ua wa mpaka, akageuka. "Twende, mayi, foleni itajaa."

Zilpah alitaka kupiga hatua. Mguu haukuinuka. Haukuuma, haukutetemeka, ulikaa pale kama kitu kilichopandwa. Alijaribu wa pili. Kisha akampitisha Beverly juu ya ua, na mikono yake ilipofika upande wa pili hakuisikia tena. Aliitazama ikimkabidhi mwanawe kama mikono ya mtu mwingine.

 Maximilla alimfunika mtoto kichwa jua lisimchome, akaenda haraka, Beverly akilia begani.

Kutoka kwenye maharage Lusweti aliita, "Mama Bevu! Kumbe bado uko?"

"Niko," Zilpah akajibu.