Ndugu wa Ziwa Moja

Kanga ya Mwanahawa ilikuwa kavu. Tangu amzae Bakari kifua chake hakikuwahi kukauka. Maziwa yalimtiririka hata kwa mlio wa mbuzi, na wenzake shambani walimtania kwamba angeweza kukinywesha kijiji kizima, mwenyekiti na katibu wake. Siku hiyo alilima mpaka jua la utosini, akaifungua kanga kavu vilevile alivyoifunga. Bakari alivuta ziwa, akaliachia, akalia.

Mkwewe, Bi Mwanakombo, alifanya yote aliyoyajua. Alimpikia uji wa mtama, kisamvu cha karanga, mchuzi wa samaki wa mtoni. Nesi wa zahanati naye alimwambia amweke mtoto kifuani mara kwa mara, kwani ziwa likinyonywa hujaa tena. Nesi hakukosea. Maziwa yalikuwa yakija. Mwanahawa aliyasikia yakishuka, ile chomachoma ya kifuani, kisha, Bakari akiwa amelala mgongoni kwa bibi yake, akasikia kitu kikigugumia pale pale kifuani pake, na harufu ya tope la mto ikajaa chumbani.

"Mama," alinong'ona, "kuna kitu kinaninyonya."

Bi Mwanakombo alikaa chini. "Ulimpa nani ziwa, mwanangu? Sema kweli."

Ndipo akakumbuka. Wakati wa palizi ya mihogo ya kijiji, kina mama waliwaacha watoto bandani, pembeni mwa shamba. Tangu Operesheni ya Vijiji iwalete watu wa kila upande hapa karibu na Kilambo, nani alimjua mtoto wa nani? Adhuhuri moja alikuta kichanga kigeni kikilia, kimelowa, kina baridi, hakina nguo. Alidhani ni cha wale waliovuka mto kukimbia vita. Angekiachaje kilie, naye maziwa yanamwagika bure? Alikinyonyesha kikashiba, na kesho yake tena, na siku zote za palizi. Mama wa kichanga hicho Mwanahawa hakumwona, wala hakuuliza habari zake.

Fundi Bwanaheri, mganga, aliitwa kimyakimya, maana kijiji kilikuwa cha maendeleo na mambo ya majini hayakutakiwa. Alifukiza ubani, akamfunika Mwanahawa shuka, akaamuru kilichomo kijitaje na kitoke, na Mwanahawa, jasho likimtoka na kifua kikivutwa kama na midomo asiyoiona, akasikia kinywa chake mwenyewe kikifunguka bila yeye kutaka, na sauti nyembamba ya kitoto ikipita humo, ikiuliza kwa huzuni, "Nitoke niende kwa nani? Huyu ni mama yangu. Alinishibisha."

Fundi akayamwagia makaa maji.

"Kweli alishiba?" alimwuliza Mwanahawa.

"Alishiba, babu."

"Mgeni ningemtoa. Huyu ni mwanao wa ziwa. Sina dawa ya kumwondoa mtoto kwa mama yake."

Basi Bi Mwanakombo akambeba mjukuu nyumba kwa nyumba, akiomba mwingine amnyonyeshe, lakini habari zilikuwa zimemtangulia. Jirani yao Ashura, aliyejifungua karibuni, alifungua mlango kidogo tu.

"Nisamehe, bibi. Huyu ana ndugu wa ziwa. Nikimpakata, yule si atamfuata nduguye mpaka kwangu? Nami nina wangu."

Alilia akisema hivyo, lakini mlango aliufunga. Wengine nao wakafunga. Uji mwepesi Bakari aliutapika. Alikonda hadi kilio chake hakikuvuka kizingiti, na asubuhi moja hakulia kabisa. Mwanahawa alimkumbatia mpaka wakamchukua kumwosha, na uchungu wake hauna maneno.

Matanga hayajaondolewa, mchana, wanawake wameketi mkekani, kanga ya Mwanahawa ikaanza kulowa. Ikalowa mpaka kiunoni. Akainuka, akaelekea nyuma ya nyumba.

Bi Mwanakombo alimshika mkono. "Wapi tena, mwanangu?"

"Analia, mama."

"Hakuna anayelia. Bakari tumemzika."

"Si Bakari," alisema Mwanahawa, akiifungua kanga. "Ni huyu aliyenibakia."